Kwa nini kipindi cha Nat King Cole kilidumu mwaka mmoja tu?

Kijana wa Kibokoni ameuliza:

Assalaam alaykum wazee wangu na ndugu zangu. Ninaomba kuelezwa jambo moja kuhusu kipindi cha televisheni cha mwimbaji Nat King Cole, kilichorushwa na shirika la NBC nchini Marekani kuanzia tarehe 5 Novemba 1956 hadi tarehe 17 Desemba 1957. Nimetazama vipande vyake kadhaa kwenye YouTube. Picha zenyewe ni hafifu, na weupe umezidi hata nyuso nyingine hazionekani sawasawa, lakini sauti imesalimika. Cole hapazi sauti wala hamezi maneno, na hata anaposindikizwa na okestra nzima kila silabi inamfikia msikilizaji.

Kinachonishangaza ni kwamba sioni kipindi hicho kilikosa nini. Mwenyeji wake alikuwa katika kilele cha umaarufu, na santuri zake zilikuwa zimeiingizia kampuni ya santuri ya Capitol fedha nyingi mno. Wageni wake walikuwa kina Ella Fitzgerald, Harry Belafonte, Peggy Lee, Mahalia Jackson na Sammy Davis Jr., na aliyeongoza muziki alikuwa Nelson Riddle, ambaye miaka hiyohiyo alikuwa akimpangia muziki Frank Sinatra. Wapo waimbaji wenye vipaji vidogo zaidi waliodumu kwenye televisheni miaka mingi.

Wengi hujibu kwa neno moja, ubaguzi, nami silikatai jibu hilo, ila naona halijanifikisha nilikotaka kufika. Ningependa kujua ubaguzi huo ulipitia mlango gani: ni nani hasa aliyekataa, na alikataa kufanya nini? Pia nimesoma mara nyingi kwamba Cole ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa na kipindi chake mwenyewe cha televisheni. Je, habari hiyo ni sahihi?

Mzee wa Santuri amejibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimekusanya santuri tangu ujana wangu, tangu Barabara ya Digo hapa Mombasa ilipokuwa bado ikiitwa Salim Road, na sauti ya Cole ilikuwa miongoni mwa sauti chache za kigeni ambazo hata mpenzi wa taarabu aliketi akazisikiliza, kwa sababu mtu huyo naye alijali maneno yasikike. Kwa hivyo swali lako limenigusa, nami nitajaribu kulijibu upande ninaoujua.

Anza na mwaka wenyewe. Cole alizaliwa Montgomery, katika jimbo la Alabama, mwaka 1919, ingawa alikulia Chicago. Kipindi chake kilipoanza, watu weusi wa mji huo aliozaliwa walikuwa bado wamegoma kupanda mabasi, mgomo ulioanza Desemba 1955 na kudumu zaidi ya mwaka. Tarehe 10 Aprili 1956, miezi saba hivi kabla ya kipindi, Cole alikuwa akiimba Birmingham, katika jimbo hilohilo, mbele ya hadhira ya wazungu watupu, akisindikizwa na bendi ya Mwingereza Ted Heath. Wanaume kadhaa wakapanda jukwaani wakamvamia, wakamwangusha kutoka kwenye kiti cha piano, naye akaumia mgongo. Onyesho hilo hakulimaliza, lakini usiku uleule alirudi jukwaani kuwaimbia watu weusi, ambao walitengewa onyesho lao kwa kuwa huko hadhira haikuruhusiwa kuchanganyika. Magazeti ya watu weusi yalimlaumu vikali kwa kukubali kuimba katika utaratibu wa namna hiyo, na muda si mrefu alijiunga na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kwa uanachama wa maisha. Kwa maoni yangu lawama hizo zilimkosea haki kwa kiasi fulani, kwani aliyepigwa alikuwa yeye, lakini nayaeleza haya ili ujue kwamba mtu aliyeingia studio mwezi wa Novemba alikuwa ametazamwa kwa ukali kutoka pande zote mbili.

NBC ilimpa robo saa kila Jumatatu, saa moja na nusu usiku, kabla tu ya taarifa ya habari. Robo saa ni nyimbo tatu au nne na maneno machache ya salamu. Julai 1957 kipindi kiliongezwa kikawa cha nusu saa na kuhamishiwa Jumanne saa nne usiku, na hapo kikakabiliana na The $64,000 Question ya shirika shindani la CBS, shindano la maswali na fedha ambalo lilikuwa limewateka Wamarekani. Septemba kikahamishwa tena, kikawa Jumanne saa moja na nusu, wakati ambapo ABC, shirika jingine la televisheni, ilikuwa ikionyesha hadithi za wachunga ng'ombe na bastola zao, ambazo ndizo zilizokuwa zikipendwa sana msimu huo. Mtazamaji anayetafuta kipindi chake asikipate mahali alipokizoea hatamngoja mtu.

Kwa sababu hiyo sitaki tuweke kila kitu katika kapu la ubaguzi, ingawa ubaguzi ulikuwepo na baadhi ya vituo vya kusini vilikataa kabisa kukirusha kipindi hicho. Ninachosema ni kwamba kipindi cha nyimbo tulivu kiliwekwa mara mbili mbele ya washindani wakubwa, na hali hiyo ingemtaabisha mwimbaji yeyote, awe mweusi au mweupe.

Bi wa Matangazo amejibu:

Shikamoo Mzee wangu. Historia uliyoitoa ni ya thamani, lakini kwa heshima zote sikubaliani na hitimisho lako, na nitaeleza kwa nini, kwa kuwa kuuza nafasi za matangazo ya redio hapa Mombasa ndiyo kazi iliyonilea.

Kijana wetu ameuliza mlango, na mlango ni mdhamini. Siku hizi kampuni hununua sekunde thelathini katikati ya kipindi, ikaja nyingine ikanunua thelathini nyingine, na hakuna msikilizaji anayedhani kwamba kampuni ya unga ndiyo iliyomwajiri mtangazaji. Marekani ya miaka ya 1950 haikuwa hivyo. Mara nyingi kampuni moja, au mbili zikipokezana, ilinunua kipindi kizima, ikalipia studio, okestra, wageni na waandishi, na jina lake likabandikwa kwenye kipindi chenyewe. Mtazame Dinah Shore, mwimbaji mwenzake Cole na wa shirika lilelile la NBC. Kipindi chake kilibeba jina la magari ya Chevrolet, naye mwenyewe alisimama mbele ya kamera akauimba wimbo wa kuyasifu. Mwenyeji alikuwa ndiye uso wa bidhaa, na mtu akikutana na bidhaa hiyo dukani alipaswa kumkumbuka yeye.

Sasa fikiria mkuu wa kampuni anayeuza sabuni au gari nchi nzima, pamoja na Alabama na Mississippi, akiombwa akubali uso wa bidhaa yake uwe wa mtu mweusi. Woga wake ulikuwa kwamba wanunuzi wazungu wa kusini wataisusia bidhaa, na kwamba wauza duka wa huko wataiondoa rafuni. Haikuhitajika mtu yeyote atoe amri wala atie saini barua ya kukataa. Ilitosha kila mkuu wa kampuni kusema kwamba yeye binafsi anampenda sana Cole, ila mwaka huu bajeti imekwisha. Maneno hayo nimeyasikia mwenyewe mara nyingi kuhusu mambo mengine, na ndiyo maana nayatambua. Kituo kimoja nilichofanyia kazi kilikuwa na kipindi cha taarabu cha alasiri ambacho wasikilizaji walikipigia simu hadi laini zikajaa, lakini wenye fedha waliona kwamba wasikilizaji wake ni kina mama wa Majengo na Likoni wasio na uwezo wa kununua, na kipindi kikaondolewa. Simu zote zile hazikuhesabiwa kwa sababu aliyekuwa akihesabu hakuwa akihesabu simu.

Cole mwenyewe aliyaeleza haya kwa uwazi katika jarida la Ebony mwanzoni mwa mwaka 1958. NBC hakuilaumu, bali aliishukuru kwa kukibeba kipindi kwa gharama yake. Lawama alizielekeza kwa mashirika ya matangazo. Kauli yake iliyobaki midomoni mwa watu ni kwamba Madison Avenue inaogopa giza, na mtaa huo wa New York ndiko mashirika makubwa ya matangazo yalikokuwa na ofisi zao. Alisimulia pia kwamba mkuu wa kampuni moja ya vipodozi alidai mtu mweusi hawezi kuuza rangi ya mdomo kwa wanawake, naye Cole akauliza kwa uchungu ni kitu gani basi wanachodhani wanawake weusi hujipaka.

Mzee wangu, washindani uliowataja walikuwepo kweli. Lakini kipindi kinachoshindwa na mshindani hupoteza mdhamini aliyekuwa naye. Cole hakuwahi kumpata mdhamini wa nchi nzima wa kudumu hata siku moja, tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo halielezwi na wachunga ng'ombe wa ABC.

Kijana wa Kibokoni ameandika:

Nawashukuru sana nyote wawili. Bi, maelezo yako yamenifungua macho, na yamenizalia swali jingine. Ikiwa hakuna kampuni moja iliyokubali kukibeba kipindi kizima, kwa nini NBC haikukigawa ikauza vipande vidogo kwa kampuni nyingi? Na je, kipindi kilifutwa na NBC, au Cole mwenyewe ndiye aliyeondoka? Nimekutana na maelezo yanayopingana.

Bi wa Matangazo amejibu:

Mwanangu, walikigawa, na sehemu hiyo ya habari haisimuliwi vya kutosha. NBC iliviruhusu vituo vya miji mbalimbali kutafuta wadhamini wao wa hapohapo, kila mji na wake, na wengi walipatikana. Huko New York, kwa mfano, kampuni ya bia ya Rheingold ilijitokeza. Hiyo inaonyesha kwamba mfanyabiashara wa mji mmoja, aliyewajua wateja wake na asiyeuza chochote kusini, hakuwa na woga ule. Aliyeogopa ni yule wa nchi nzima. Shida ni kwamba fedha za mji mmoja mmoja hazitoshi kulipia okestra ya Nelson Riddle na wageni wa daraja lile.

Hapo ndipo wasanii wenzake walipofanya jambo ambalo mimi humheshimu kila mmoja wao kwa ajili yake. Wengi walikubali kuja kwa malipo ya chini kabisa yaliyoruhusiwa na chama chao cha wafanyakazi, watu ambao kwingineko walilipwa mara nyingi ya kiasi hicho. Wageni wazungu walikuja vilevile, kina Tony Bennett, Frankie Laine na Mel Tormé. Cole naye aliacha maonyesho ya kumbi ambayo yangemlipa zaidi ya televisheni. Kwa hivyo gharama ya woga wa wadhamini ilibebwa na shirika, na wageni, na mwenyeji mwenyewe, kila mmoja kwa fungu lake, kwa zaidi ya mwaka.

Kuhusu mwisho wake, maelezo hayo hayapingani sana kama yanavyoonekana. Katika majira ya vuli ya mwaka 1957 NBC ilipata mdhamini wa kununua wakati ule wa Jumanne, ila kwa kipindi kingine. Shirika halikumfukuza Cole, bali lilitaka kumhamishia Jumamosi saa moja jioni, wakati ambao thamani yake kibiashara ilikuwa ndogo zaidi. Yeye akakataa, na akatangaza kwamba anaacha. Ukisema kipindi kilifutwa, umesema kweli kuhusu wakati wa Jumanne, na ukisema aliondoka, umesema kweli kuhusu uamuzi wake. Naona alifanya sawa. Kukubali kusukumwa pembeni kungewapa wadhamini hoja ya kusema kwamba watazamaji ndio waliomkimbia. Na usisahau kwamba ni vuli hiyohiyo, mwezi wa Septemba, ambapo Rais Eisenhower alilazimika kupeleka askari katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, ili watoto tisa weusi waweze kuingia shule. Hakuna mkuu wa kampuni aliyekuwa na ushujaa msimu huo.

Ili Mzee wangu aone tofauti ninayoisisitiza, tulinganishe na vipindi vingine viwili vya waimbaji vilivyokufa mapema. Kile cha Judy Garland kilianza CBS mwezi Septemba 1963 na kikaisha Machi 1964 baada ya matoleo 26, na kilichokizidi nguvu ni Bonanza, tamthilia ya wachunga ng'ombe iliyokuwa ikionyeshwa na NBC saa ileile ya Jumapili usiku. Hapo ndipo hoja ya Mzee inaposimama barabara. Kile cha Sammy Davis Jr., cha NBC mwaka 1966, kilidumu tangu Januari hadi Aprili tu, na balaa lake lilikuwa la mkataba: Sammy alikuwa amefunga makubaliano na ABC kuhusu onyesho jingine, kwa hivyo baada ya toleo la kwanza alizuiwa kuonekana katika kipindi chake mwenyewe kwa wiki kadhaa, na wageni wakalazimika kukiongoza. Vipindi vyote viwili vilianguka mapema, lakini havikuangukia kwenye shimo la Cole.

Woga wa wadhamini haukuisha mwaka 1957 pia. Mwaka 1968, Petula Clark alipokuwa akirekodi onyesho lake maalumu la NBC pamoja na Harry Belafonte, alimshika Belafonte mkono katikati ya wimbo, na mwakilishi wa mdhamini, ambaye alikuwa kampuni ya magari, akataka wimbo huo urudiwe bila mguso ule. Petula na mumewe walikataa, wakahakikisha kwamba nakala nyingine za wimbo huo zimefutwa ili ibaki ile moja tu, nayo ndiyo iliyorushwa mwezi Aprili. Hiyo ilikuwa miaka zaidi ya kumi baada ya Cole kuondoka.

Mzee wa Santuri amejibu:

Marahaba, binti yangu. Mfano wa Judy Garland nimeukubali, na hoja ya kwamba mdhamini wa nchi nzima hakupatikana tangu siku ya kwanza ni nzito kuliko hoja yangu. Nabakisha jambo moja tu: robo saa ya mwanzo ilikuwa finyu mno kwa kipaji kile, na kama angeanza na nusu saa, watazamaji wangekizoea kipindi mapema zaidi. Ukitazama matoleo ya nusu saa, hasa lile alilowaalika Oscar Peterson na wenzake wa jazi, unaona mtu aliyepata nafasi ya kupumua.

Mwalimu wa Makadara amejibu:

Ndugu zangu, swali la pili la kijana bado halijajibiwa, nalo linastahili jibu kamili. Cole hakuwa wa kwanza. Mwimbaji Billy Daniels alikuwa na kipindi kifupi ABC mwaka 1952, na kabla yake alikuwepo mwanamke, Hazel Scott, ambaye kipindi chake kilianza Julai 1950 katika mtandao wa televisheni wa DuMont. Nadhani sababu ya Cole kuitwa wa kwanza ni kwamba alikuwa na shirika kubwa na jina kubwa, na kwamba filamu zake zipo, ilhali za Hazel Scott hatuzioni popote.

Hazel Scott alizaliwa Port of Spain, Trinidad, mwaka 1920, akalelewa New York. Alikuwa mpigaji piano aliyesomea muziki wa Kizungu wa zamani tangu utotoni, na umahiri wake ulikuwa kuanza kipande cha Bach au Chopin kama kilivyoandikwa, kisha akakigeuza jazi taratibu mpaka msikilizaji akajikuta anatikisa mguu bila kujua walivuka lini. Aliimba pia. Aliolewa na Adam Clayton Powell Jr., mbunge wa Harlem, na kwa muda mrefu alikuwa na msimamo wa kutoimba wala kupiga piano mahali ambapo hadhira imetenganishwa kwa rangi. Kipindi chake kilikuwa cha robo saa, mara tatu kwa wiki, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji, na piano yake.

Mlango uliofungwa kwake haukuwa uleule wa Cole. Mwezi Juni 1950, kabla kipindi hakijaanza, kilichapishwa kijitabu kilichoitwa Red Channels, kikiwataja watu 151 wa redio na televisheni kwa madai ya kuwa na uhusiano na ukomunisti, na jina lake lilikuwamo. Hakungoja kuitwa. Tarehe 22 Septemba alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza mambo hayo, akakanusha kuwa mkomunisti, na akaikosoa kamati na orodha zile usoni pao. Wiki moja baadaye kipindi kilikuwa kimekwisha. Hapa nakubaliana na Bi wa Matangazo kwamba mwenye fedha huondoka kimya kimya, ila kwa Hazel Scott mwenye fedha huyo alipewa pia kisingizio kilichochapishwa. Baadaye alihamia Paris akaishi huko kwa miaka.

Sababu ya sisi kutomwona ni ya kiufundi, na inauma. Vipindi vya siku zile vilirushwa moja kwa moja. Nakala zilipatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini na kuipiga picha ile iliyokuwa ikionyeshwa, utaratibu ulioitwa kineskopu, na ndiyo maana kijana wetu anaona weupe umezidi na nyuso hazionekani sawasawa katika filamu za Cole: anatazama picha ya picha. Filamu za DuMont zilikuwepo, lakini mtandao wenyewe ulikufa katikati ya miaka ya 1950, na sehemu kubwa ya hazina yake iliangamizwa miaka iliyofuata. Mwigizaji Edie Adams alitoa ushahidi mwaka 1996 kwamba filamu hizo zilipakiwa kwenye malori, zikatupwa majini katika bandari ya New York. Hakuna toleo hata moja la kipindi cha Hazel Scott linalojulikana kuwa limesalia.

Kijana, ukitaka kumwona, usitafute kipindi. Tafuta filamu ya sinema ya mwaka 1943 iitwayo The Heat's On, ambamo ameketi kati ya piano mbili, moja nyeupe na moja nyeusi, akizipiga zote mbili kwa wakati mmoja. Kipande hicho kipo kwenye YouTube, na sauti yake ni safi.